Miaka mia moja ya ndege Kongo: kampuni nyingi, ushindani mdogo

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa. Katikati ya mwezi wa pili, kiwanja cha Kavumu, kinachotumiwa na wakaaji wa Bukavu, nacho kikafungwa kwa ndege za abiria. Toka hapo, mtu wa Goma anayetaka kufika Kinshasa analazimika kuzunguka. Kuna wanaovuka mpaka, wanafika Kigali na kupanda ndege ya kampuni ya kigeni inayopitia Addis Ababa au Nairobi. Kuna wanaopitia Uganda, wanaingia tena Kongo kwa Kasindi, na kutafuta nafasi kwenye kiwanja cha Mavivi huko Beni. Safari iliyokuwa ya saa chache imegeuka kuwa ya siku.

Familia nyingi zimegawanyika kwa sababu hiyo. Baba yuko Kinshasa, mama yuko kwa jamaa Beni, watoto wamebaki na bibi Goma. Kwa watu hawa bei ya tiketi inaamua nani atamwona nani, na lini.

Lakini wazee wa Kivu wanakumbuka kwamba tiketi ilikuwa ghali hata kabla ya vita hivi. Mara nyingi lawama inaenda kwa umbali, au kwa mafuta, au kwa tamaa ya wenye kampuni. Mambo hayo yapo. Ila ukifuata historia ya ndege katika nchi hii, utaona jambo lingine. Kongo haikuwahi kukosa kampuni za ndege. Kuna miaka ilikuwa nazo kwa makumi. Kilichokosekana ni ushindani wa kweli, yaani kampuni kushindana kwa bei, kwa saa na kwa usalama. Mara nyingi zilishindana kwa kitu kingine: vibali, urafiki na wakubwa, na njia chache zenye faida.

Sabena, peke yake angani

Ndege za kwanza za kubeba barua na abiria Kongo zilifuata mto. Mwaka 1920, wakati wa Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, njia ilifunguliwa kwa ndege ndogo zinazotua juu ya maji, kutoka Kinshasa kupanda mto Kongo. Baadaye njia hiyo ilifika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Haikudumu. Kufikia mwaka 1922 ilikuwa imekwisha, kwani gharama zilikuwa kubwa na abiria wachache.

Mwaka 1923 Ubelgiji ikaunda kampuni ya Sabena. Mwezi wa pili mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili kwa ndege ya injini tatu. Walifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, baada ya siku 51. Kwa matengenezo na hali mbaya ya hewa, walikaa chini siku nyingi kuliko walizoruka. Ila njia ilikuwa imeonekana. Miaka 10 baadaye, mwaka 1935, Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na koloni lake, na safari ikawa ya siku tano au sita.

Ndani ya koloni, Sabena haikuwa na mshindani. Serikali ya Ubelgiji iliipa msaada wa pesa na kuilinda. Mpango wake ulikuwa wazi: kuunganisha bandari na makao ya serikali upande wa magharibi na migodi ya Katanga upande wa kusini, kubeba barua, wakubwa wa serikali na watu wa makampuni, kisha kuwapeleka Ulaya. Mwafrika wa kawaida hakuhesabiwa kuwa abiria. Alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kujenga kiwanja na kupakua mizigo.

Hapo ndipo picha ya kwanza ilipochorwa, na bado haijafutika kabisa. Ndege za Kongo zilipangwa kuunganisha mali na makao makuu. Kuunganisha kijiji na soko, au jimbo na jimbo jirani, halikuwa jambo la kwanza.

Air Congo, Air Zaïre, na jina la utani

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi ilikuwa na viwanja vingi na haikuwa na marubani wake. Mwaka 1961 serikali iliunda Air Congo. Serikali ilishika sehemu kubwa ya hisa, na Sabena ikabaki na asilimia 30. Ndege nyingi zilitoka Sabena, na marubani na mafundi vilevile. Bendera ilikuwa ya Kongo, lakini ufundi ulikuwa mikononi mwa mgeni.

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre, na kampuni ikawa Air Zaïre. Hiyo ndiyo miaka ambayo shaba ilikuwa na bei nzuri na benki za nje zilikuwa tayari kukopesha. Kampuni ilinunua ndege kubwa, zikiwemo DC-10 za safari za mbali. Kwa muda ilikuwa fahari ya nchi. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na muda mfupi baadaye bei ya shaba ikaanguka. Deni likabaki.

Lakini si mafuta wala shaba peke yake iliyoiua Air Zaïre. Kampuni ilikuwa ikitumika kama gari la nyumbani. Ndege iliweza kutolewa kwenye ratiba ili kubeba wakubwa, na abiria waliolipa wakabaki kiwanjani na mizigo yao. Watu wenye vyeo walisafiri bila kulipa. Matokeo yake, hakuna aliyejua ndege itaondoka saa ngapi, au kama itaondoka. Wananchi wakaipa jina la utani kwa Kifaransa, Air Peut-être, maana yake Air Labda.

Kampuni yenye jina kama hilo huwa tayari imepoteza mali yake kubwa, nayo ni imani ya abiria. Mchuuzi aliyepakia maharagi Goma kwenda kuuza Kinshasa hawezi kungoja wiki nzima. Mzigo unaoza, na mtaji unaoza pamoja nao. Air Zaïre iliendelea kupungua ndege moja baada ya nyingine, hadi mwaka 1995 ikatangazwa kuwa imefilisika.

Kampuni mbili, mwanzo mmoja

Hapa inafaa kuangalia kidogo upande wa Ethiopia, kwa sababu nchi hiyo itarudi mwishoni mwa habari hii.

Ethiopian Airlines iliundwa mwisho wa mwaka 1945 na kuanza kuruka mwaka 1946. Nayo ilikuwa mali ya serikali. Nayo ilianza kwa msaada wa wageni, kampuni ya TWA ya Marekani, waliotoa marubani, mafundi na wakubwa wa kazi. Kwa mwanzo, basi, haikuwa tofauti sana na Air Congo.

Tofauti ilikuja baadaye. Ethiopia ilijenga shule yake ya marubani na karakana yake ya kutengeneza ndege, ikawaweka wananchi wake mahali pa wageni hatua kwa hatua. Tena serikali, hata zilipobadilishana kwa nguvu, ziliiacha kampuni ifanye biashara. Wakati wa utawala wa kijeshi wa Mengistu, nchi ilikuwa rafiki mkubwa wa Umoja wa Kisovyeti. Lakini mwaka 1984 kampuni ilipokea ndege mpya za Boeing 767 kutoka Marekani, kwa kuwa hesabu zake zilionyesha kwamba hizo ndizo zinazoifaa. Siasa ilikuwa upande mmoja, hesabu upande mwingine.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kampuni ya serikali lazima ife hawana haki kamili. Air Zaïre na Ethiopian zote zilikuwa za serikali. Moja iliachiwa kuhesabu faida na hasara, nyingine haikuachiwa.

Kila tajiri na ndege yake

Air Zaïre ilipokuwa ikidhoofika, wafanyabiashara waliona nafasi. Scibe Airlift, ya mfanyabiashara Bemba Saolona, ilianza kuruka na kuchukua abiria na mizigo ambayo kampuni ya serikali ilishindwa kubeba. Mwaka 1989 Shabair ilizaliwa Lubumbashi. Katika Kivu, TMK ilibeba watu kwa ndege ndogo kati ya Goma, Bukavu, Beni, Butembo na Bunia. Miaka ya 1990 majina yakawa mengi kiasi kwamba hata abiria alichanganyikiwa.

Mambo mawili yalifungua mlango huo. La kwanza ni barabara. Zile zilizoachwa na wakoloni zilikuwa zimemezwa na msitu na matope. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya angani, na hakuna barabara ya lami inayounganisha miji hiyo miwili moja kwa moja. La pili ni kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991. Ndege za Antonov na Ilyushin, zenye nguvu na zinazoweza kutua kwenye udongo, ziliingia sokoni kwa bei ndogo, mara nyingi pamoja na marubani wake.

Hizo ni ndege za mizigo zaidi kuliko za watu. Antonov 26 inabeba tani tano na kitu. Antonov 12 inafika tani 20. Let 410, iliyotengenezwa Czechoslovakia, ina viti 19, lakini viti vikitolewa inakuwa kilori kidogo cha angani. Katika Kivu watu walizoea kukaa pembeni ya magunia, ndoo za mafuta ya mawese na mbuzi waliofungwa miguu.

Bei ilishuka? Mahali pengine ndiyo, kwa muda. Lakini ushindani ule ulikuwa na shimo ndani yake. Kampuni mbili zikigombania abiria, kuna njia mbili za kupunguza bei. Moja ni kufanya kazi vizuri zaidi: kujaza viti, kupunguza kungoja, kununua ndege inayokula mafuta kidogo. Nyingine ni kuruka bila kufanya matengenezo, kuzidisha mzigo, na kutolipa bima. Mahali ambapo mkaguzi wa serikali hana mshahara, njia ya pili ndiyo rahisi. Na yule anayetumia pesa kutunza ndege yake vizuri anashindwa kwa bei na yule asiyeitunza. Ushindani ukikosa mwamuzi, unamwadhibu mwema.

Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka 1996, Antonov 32 iliyokuwa ikiondoka kiwanja cha Ndolo, katikati ya Kinshasa, ilishindwa kupaa na kuingia ndani ya soko. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote wakiwa sokoni. Hawakuwa na tiketi ya ndege yoyote. Walikuwa wanauza na kununua chakula.

Vita, mawe na barabara ya Kilambo

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viligawa nchi, na anga nayo ikagawanyika. Katika miaka ya pili hiyo, ndege za kawaida kati ya Kinshasa na miji ya mashariki ziliacha kuruka. Goma, Bukavu, Kisangani na Bunia zilikuwa chini ya watawala wengine, na kila mtawala alitoa vibali vyake.

Biashara ya ndege haikufa, ilibadilika. Katika eneo la Walikale, hasa baada ya mawe ya kasiterite kuanza kuchimbwa Bisie, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami mahali panapoitwa Kilambo. Watu walisimamisha pikipiki, wakaondoka barabarani, ndege ikatua. Iliposhuka ilikuwa na bia, sabuni, mchele, chumvi na nguo. Ilipopaa kurudi Goma ilikuwa na magunia ya madini, tani mbili hivi kwa safari.

Mfano huu unaeleza hesabu ya ndege kuliko kitabu. Ndege inayokwenda imejaa na kurudi tupu, lazima mzigo wa kwenda ulipie safari zote mbili. Ndege yenye mzigo wa kwenda na wa kurudi inagawanya gharama. Ndiyo maana kijiji chenye madini kilipata ndege kila siku, wakati kijiji chenye mihogo na wagonjwa kilingoja misheni au shirika la msaada. Shabunda, Punia na Kalima zinaijua hesabu hii. Mawe yakipatikana, ndege zinakuja. Mawe yakikatazwa au bei ikianguka, ndege zinaondoka, na chumvi inapanda bei.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wa volkano ulipita katikati ya Goma na kufunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Kwa miaka mingi iliyofuata ndege zilitua na kupaa kwenye njia iliyofupishwa. Ndege nyepesi hazikuona tabu. Ndege nzito zenye abiria wengi, zile zinazoweza kuteremsha bei ya kiti kimoja, zilibaki na nafasi ndogo ya kukosea.

Birere, na orodha ya Ulaya

Baada ya vita, jina lililotawala lilikuwa la Kiswahili: Hewa Bora. Ilitokana na kuunganishwa kwa kampuni za miaka ya 1990, ikawa na ndege kubwa hata za kufika Brussels. Kwa wakaaji wa mashariki, Hewa Bora ndiyo iliyorudisha Kinshasa karibu.

Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2008, DC-9 ya kampuni hiyo ilishindwa kupaa Goma. Ilipita mwisho wa njia na kuingia Birere, mtaa wa maduka na nyumba zilizobanana. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, si ndani ya ndege. Tarehe 8 mwezi wa saba mwaka 2011, Boeing 727 ya kampuni hiyo hiyo ilianguka karibu na kiwanja cha Kisangani ikijaribu kutua katika mvua kali. Zaidi ya watu 70 walipoteza maisha. Serikali iliinyang'anya kibali, na jina Hewa Bora likatoka angani.

Kabla ya hapo, mwezi wa tatu mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulikuwa umetoa orodha ya kwanza ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwake kwa sababu za usalama. Kampuni za Kongo zilijaa ndani yake. Watu wengi walidhani jambo hilo linawahusu wanaokwenda Ulaya tu. Kumbe lilibadilisha soko la ndani pia.

Mashirika ya kimataifa yaliwakataza wafanyakazi wao kupanda ndege za kampuni zilizo kwenye orodha. Wakaanza kutumia ndege za Umoja wa Mataifa na zile za misaada, kama za UNHAS na ECHO Flight. Ndege hizo zimeokoa watu wengi: zimebeba dawa, waganga na wagonjwa mahali ambapo hakuna gari. Lakini kwa hesabu ya soko, abiria waliokuwa na uwezo wa kulipa bei nzuri kila wiki waliondoka kwenye ndege za kampuni za wenyeji. Waliobaki ni mchuuzi, mwanafunzi, mgonjwa na familia inayokwenda msibani. Gharama ya kurusha ndege haikupungua, ila ilikosa watu wa kuigawana.

Mwaka 2009 ikaongezwa Go-Pass, dola 10 kwa kila msafiri wa ndani na dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi, ili kupata pesa za kutengeneza viwanja. Kwa anayekwenda Brussels kwa tiketi ya mamia ya dola, ni kiasi kidogo. Kwa mama anayeruka kati ya miji miwili ya jirani, dola 10 ni gunia la bidhaa.

Mshindani akianguka, nani anabaki?

Kampuni mbovu zikifungwa, usalama unapata faida. Lakini swali lingine linafuata: wanaobaki ni wangapi? Baada ya mwaka 2011, sehemu kubwa ya njia za ndani ilibaki mikononi mwa CAA, iliyoanza mwaka 1991 na iliyochukua pia kilichobaki cha Hewa Bora. CAA nayo ilipata ajali Goma mwezi wa tatu mwaka 2013, Fokker 50 ikaanguka karibu na kutua.

Walijaribu wengine. Mwaka 2012 Korongo Airlines ilianza Lubumbashi, ikiungwa mkono na Brussels Airlines na kundi la biashara la George Forrest. Mpango ulikuwa wa kukusanya abiria ndani ya nchi kwa ndege zinazotunzwa vizuri, na kuwaunganisha na safari za Ulaya. Ni mpango wa Sabena uliovaa nguo mpya. Mwaka 2015 Korongo ilifunga.

Mwaka huo huo serikali ilirudi. Congo Airways ilinunua Airbus A320 mbili zilizotumika. Kabla hata ya safari ya kwanza, moja ilikamatwa Dublin, nchini Ireland, na watu waliodai kwamba serikali ya Kongo ina deni lao, deni lisilohusiana na ndege hata kidogo. Hapo kivuli cha Air Zaïre kilionekana tena: mali ya kampuni ni mali ya serikali, na anayeidai serikali anaishika ndege. Congo Airways ilianza kuruka mwezi wa kumi mwaka 2015. Kwa miaka michache abiria wa Goma na Kinshasa walikuwa na kampuni mbili kubwa za kuchagua. Kisha ndege zikakaa chini moja moja kwa kukosa matengenezo, na mwaka 2023 kampuni ilifikia kusimamisha safari kwa kukosa ndege za kuruka.

Siasa ya mipaka nayo iliingia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021, RwandAir ilianza kutua Goma. Mwezi wa tano mwaka 2022, baada ya vita vya M23 kuwaka upya, Kinshasa ikazuia safari za kampuni hiyo. Mwezi wa pili mwaka 2025 ikafunga anga lake kwa ndege zote zilizoandikishwa Rwanda. Sababu za serikali ni za usalama. Kwa msafiri, maana yake ni mshindani mmoja chini.

Air Congo ya pili

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024, jina la zamani lilirudi. Air Congo mpya ilianza safari za ndani kwa ndege za Boeing 737-800. Serikali ya Kongo ina asilimia 51, na Ethiopian Airlines ina asilimia 49.

Ethiopian imekwisha kufanya hivyo mahali pengine, Togo kwa kampuni ya Asky, Malawi na Zambia vilevile. Mpango wake ni kuingia kwa ubia badala ya kugombana na kila serikali. Inatoa ndege, mafundi na uzoefu. Kwa upande wake inapata abiria wa kuwapeleka Addis Ababa na zaidi ya hapo. Ni biashara, na hakuna ubaya kusema hivyo.

Anayekumbuka mwaka 1961 ataona duara. Wakati ule mshirika mgeni mwenye ufundi alikuwa Sabena. Leo ni kampuni ya Kiafrika iliyoanza kama Air Congo ilivyoanza, na ikafanya kile ambacho Air Congo haikufanya. Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001. Swali la leo ni kama vijana wa Kongo watapata humo shule ya urubani na ufundi, au kama baada ya miaka 30 nchi itatafuta mshirika mwingine tena.

Na kuna hatari ya zamani. Kampuni ya serikali yenye mshirika mwenye nguvu inaweza kuteremsha bei kwa kufanya kazi vizuri. Inaweza pia kuwasukuma nje wadogo kwa msaada wa vibali, kisha kupandisha bei ikibaki peke yake. Historia ya nchi hii ina mifano ya mtu mmoja kubaki peke yake angani, na hakuna hata mmoja uliomsaidia mchuuzi.

Kiwanja kikifungwa

Air Congo mpya haikutimiza miezi miwili, Goma ikafungwa. Hapo inaonekana kwamba chini ya ushindani wote kuna kitu kimoja, nacho ni kiwanja. Kampuni 10 haziwezi kushindana pasipo mahali pa kutua. Mwaka 1998 mashariki ilikatwa na Kinshasa kwa vita. Mwaka 2002 ilikuwa mlima. Mwaka 2025 ni vita tena. Kila mara mambo yamekwenda vilevile: njia ndefu ya kuzunguka, kampuni za nje zinapata abiria waliokimbizwa na vita, na familia inalipa mara mbili, kwa pesa na kwa siku.

Siku viwanja vya Goma na Kavumu vitakapofunguliwa kwa abiria wote, kampuni zitarudi na matangazo. Picha ya ndege mpya haitatosha kumwambia msafiri kitu. Mambo matatu yatamwambia zaidi. Nani anaitunza ndege, na wapi. Nani anaikagua, na kama mkaguzi huyo analipwa. Na je, kwenye njia ile ile kuna kampuni ya pili anayoweza kuiendea bei ikipanda, au saa zikipita bila ndege kuonekana.

Miaka mia moja baada ya Thieffry kushuka Léopoldville, mama aliyeko Beni na mume aliyeko Kinshasa bado wanahesabu siku na dola kabla ya kuonana. Ndege za kuwafikisha zipo. Wao wanangoja kiwanja kilicho wazi na kampuni zaidi ya moja.